Mbeuzi wa Vitu Vilivyosahaulika

Mimi nauza chai. Meza yangu iko ndani ya kituo cha mabasi, katikati ya choo na dirisha la vitu vilivyosahaulika, na mtu asije akaniambia kwamba nimechagua pabaya. Kila anayeshuka safari hupita mbele yangu. Na kila aliyesahau kitu ndani ya basi huhitaji kitu cha moto tumboni akishamaliza kuzungumza na kaka yangu.

Dirisha lile ni la kaka. Namsema kaka yangu wa tumbo moja, aliyenibeba mgongoni nilipougua surua na kunisindikiza shule huku akinitisha kwa fimbo. Kituo kizima humwita Wapi, kwa sababu ya neno lake. Mwambie dereva fulani ameacha pombe, "Wapi!" Mwambie choo kitapakwa rangi mwezi ujao, "Wapi!" Siku nilipomweleza kwamba nimepata mchumba alikunja uso akaniuliza, "Anataka nini?" Nikamwambia ananitaka mimi. "Wapi!" Mume wangu huyo tuko naye mpaka leo, watoto wamekua, na kaka akija kwetu bado humwangalia kwa jicho la pembe, anangoja siku ambayo bwana yule atajulikana alikuwa na ajenda gani.

Chumba chake nakifahamu kuliko jikoni kwangu. Miavuli imening'inia kwenye misumari, mingine mbavu nje. Kuna rafu ya mabegi, rafu ya makoti, beseni la kuogeshea mtoto, gitaa lisilo na nyuzi, mkongojo mmoja ambao mpaka leo najiuliza mwenyewe alishukaje. Dirisha lina wavu wa chuma na kijitundu cha kupitishia mkono. Nyuma ya wavu anakaa kaka na shati lake la kazi, vifungo vimefungwa hadi shingoni, uso mkavu, na mtu akimsogelea hujikuta anatafuta kitambulisho hata kabla hajaulizwa.

Hakuzaliwa hivyo. Alipoanza kazi alikuwa mtu wa huruma mpaka wenzake wakamcheka. Basi siku moja akaja bwana mmoja analia. Analia haswa, kamasi na machozi, eti begi lake lina dawa za mama yake mgonjwa. Kaka akampa begi, akampa na pole. Jioni akaja mwenye begi. Alikuwa binti anayekwenda kuanza chuo cha uuguzi, na mle ndani mlikuwa na vyeti vyake na sare mpya ambayo hajawahi kuivaa. Hakupiga kelele. Alikaa tu kwenye benchi langu akaangalia sakafu mpaka wafagiaji walipomwomba ainue miguu.

"Afadhali angenitukana," kaka aliniambia baadaye. "Na yule mwizi, dada, machozi yake yalikuwa ya kweli. Niliyaona kwa macho yangu haya."

Kuanzia hapo akatengeneza ndoana yake. Ni yeye aliyeiita hivyo, ndoana. Ukija kudai kitu, anakusikiliza vizuri, anatikisa kichwa, unamwona ni mtu mwema, kisha katikati anakutupia jambo la uongo. "Ni lile begi lenye kipande kilichoshonwa kwa uzi mweupe?" Begi halina uzi mweupe wala mweusi. Ukisema hapana, unalipata. Ukisema ndiyo, umekwisha. "Anayefuata!" Na lazima niseme ukweli, wezi aliwanasa. Mmoja alikubali kwamba redio yake ilikuwa na mkia wa simba.

Sasa neno mbeuzi lililetwa na mwalimu mstaafu mmoja, mwalimu wa Kiswahili, mtu mfupi mwenye sauti ya kusikika hadi nyuma ya darasa. Alisahau mwavuli. Kaka akamtegea: "Ule wenye mpini wa mbao?" Mwalimu akaruka. "Mbao imetoka wapi? Mpini wangu wa plastiki, na umeungua ubavuni, niliuegemeza kwenye jiko." Akapewa mwavuli wake. Lakini badala ya kuondoka alisimama akamtazama kaka kupitia wavu, akasema, "Bwana, wewe ni mbeuzi."

"Hilo ni tusi gani?" kaka akauliza.

"Si tusi, ni neno. Mbeuzi ni mtu aliyekwisha kuamua kwamba kila mwenzake anatafuta faida yake tu, na kwamba wema ni nguo ya kuvaa mbele za watu. Ukimwamkia, anajiuliza unataka kuazima nini."

Loo, kaka alifurahi! Alifurahi kana kwamba amepandishwa cheo. Kumbe alichonacho kina jina, tena jina la kitabuni. Siku nzima akajiita mbeuzi, na makondakta, ambao sikio lao halipitwi na kitu, wakalidaka. Wao walidhani maana yake ni mtu mjanja, mtoto wa mjini. Wakawa wanaamkiana nalo: "Mbeuzi wangu, vipi?" "Shwari, mbeuzi!" Mmoja akaliandikisha nyuma ya basi lake kwa rangi nyekundu: MBEUZI HADANGANYIKI. Mwalimu alikuwa anakunywa chai kwangu basi lile lilipopita, nusura apaliwe.

"Wanaliua!" akalalamika. "Wanaliua neno mbele ya macho yangu!"

Nikamwuliza, "Lakini mwalimu, kwani ubaya uko wapi? Dunia ya leo mtu asipokuwa na shaka si ataibiwa hadi meno?"

"Shaka ni kitu kingine kabisa, dada. Mwenye shaka anauliza ili ajue. Mbeuzi anauliza na jibu tayari analo. Anangoja tu ujikwae."

Nilicheka, nikamwongezea maji ya moto. Sikujua kwamba maneno yale yangenirudia.

Shule zilikuwa karibu kufunguliwa alipokuja bibi mmoja. Bibi mwembamba, safi, kitambaa kichwani, mkononi amekunja mfuko mtupu. Akaomba chai. Nikamwuliza, "Sukari vijiko viwili?" Akasema, "Ndiyo, mwanangu." Akagusa kidogo kwa midomo, kisha kikombe akakiweka. Muda ukapita, kikombe kimejaa vilevile. Nikamwuliza kama haikukolea. Akaona haya.

"Hospitali wamenikataza sukari, mwanangu."

"Jamani bibi! Sasa mbona uliniambia ndiyo?"

"Ulikuwa umeshashika kijiko."

Tukacheka wote wawili. Nikamtilia nyingine kavu, akainywa yote, akashukuru, akainuka kwenda dirishani. Pale kwangu nasikia kila kinachosemwa, hata nisipotaka, na nikiri kwamba nataka.

"Umesahau nini?" kaka akauliza.

"Kiatu, mwanangu."

"Pea?"

"Kimoja."

Akaeleza taratibu. Anaishi na mjukuu wake wa kike, mama yake hayupo. Mtoto ana mguu mmoja mfupi, na fundi wa hospitali alimshonea kiatu cha soli nene ili miguu ilingane. Mkanda ukakatika, bibi akakipeleka kurekebishwa, wakati wa kurudi akapitiwa na usingizi ndani ya basi, akashuka mkono mtupu. Fundi amesema kushona kingine itachukua muda mrefu, foleni ya watoto ni ndefu. Na shule ndiyo hiyo inafunguliwa, na mtoto ameapa kwamba bila kiatu chake haendi, kwa sababu mwaka jana kabla hajakipata wenzake walikuwa wakimwigiza anavyotembea.

Kiatu nilikuwa nakijua. Kiko rafu ya chini, cheusi, kina mikanda miwili ya ngozi, mmoja mpya. Nilikiona siku mfagiaji alipokileta. Nikajisemea moyoni, haya, leo mtoto wa watu amepata. Kaka anatikisa kichwa, mpole. Halafu nikaisikia ndoana inashuka.

"Ni kile chenye kamba nyekundu?"

Bibi akainua macho. Aliona wavu, aliona shati la kazi, aliona uso ule. Akayashusha macho.

"Ndiyo, mwanangu."

"Hakina kamba hata moja, bibi. Anayefuata!"

Hakubisha. Alisema kwa sauti ya chini, "Labda nimekosea mimi." Akakunja ule mfuko mtupu mara mbili, tatu, mpaka ukawa mdogo kama leso, akaenda zake. Mimi nilikuwa na wateja wamejipanga, mkono mmoja birika, mwingine vikombe, na nilipokuja kupata nafasi ya kugeuka nikakiona kile kikombe chake cha kwanza, bado kimejaa, chai ya sukari imepoa mezani.

Hapo ndipo damu ilinichemka. Niliacha birika, nikakimbia nje mpaka yanapoegeshwa mabasi yote, nikachungulia madirisha. Bibi hayupo. Nikarudi nikaenda dirishani kwa kaka, na nilimpa vidonge vyake mbele ya foleni nzima.

"Nani aibe kiatu kimoja chenye soli kama tofali? Nani, kaka?"

"Watu huuza kila kitu."

"Wamuuzie nani? Mwizi mwenzao mwenye mguu mfupi?"

Foleni ikaangua kicheko. Kaka akanuna. "Nimemwuliza, amesema ndiyo. Mwenye mali hawezi kusema ndiyo kwa kitu ambacho si chake."

"Anaweza!" Nikamsimulia habari ya kijiko. Nikamwambia mtu wa namna ile, umri ule, malezi yale, hawezi kumkatalia mtu aliye nyuma ya meza. Ukiwa na shati la kazi ukamwambia mvua inanyesha ndani ya nyumba atakuuliza kama uletewe mwavuli. "Alipokea sukari aliyokatazwa kwa sababu nilishashika kijiko, kaka! Wewe na wavu wako huo, ungemwambia kiatu kina mabawa angesema ndiyo."

Nilitegemea aseme wapi. Badala yake aliinuka. Akaenda rafu ya chini, akakileta kiatu, akakaa nacho mapajani. Ndani mlikuwa na soksi ndogo imesokomezwa, kisigino kimetiwa kiraka kwa mkono. Aliivuta ile soksi, akaitazama, akairudisha pole pole.

"Yule mwizi alimfanyia hivi yule binti," akasema. "Na mimi nimemfanyia hivi huyu." Kisha akafunga dirisha kabla ya wakati, jambo ambalo hajawahi kulifanya, na mimi hasira ikaniisha nikamwonea huruma.

Kesho yake nikamwambia tuwatume makondakta. Wao ndio wanaoona watu wote.

"Wapi! Wale? Hawakumbuki hata majina ya vituo vyao. Kondakta ahangaike na bibi asiyemjua, apate nini?"

"Sikukuomba ruhusa, nakupa habari," nikamjibu. Nikazunguka basi kwa basi. Bibi mwembamba, kitambaa kichwani, ana mjukuu wa kike mwenye kiatu cha soli nene. Mkimwona, mleteni. Yule wa MBEUZI HADANGANYIKI akanihakikishia kwa kupiga kofi ubavu wa basi lake.

Basi mabibi wakaanza kuja.

Mungu wangu, mabibi walioletwa kwetu! Wembamba kwa wanene, wenye kitambaa na wasio nacho, kila kondakta anamshika wake mkono mpaka dirishani: "Wapi, huyu ndiye?" Mmoja aliteremshwa na mzigo wake wa viazi, akaja akiwaka: "Nimetoka kumtazama dada yangu, kijana huyu ananishusha eti natafutwa. Nimeua?" Nikamkalisha, nikampa chai, na sukari nikamwuliza mara mbili.

Kaka hakutupa ndoana tena. Alikuwa anauliza tu, "Bibi, umesahau kitu?" kisha ananyamaza, kitu ambacho kilimtesa, maana hakuzoea kumngoja mtu. Na wote walisema hapana. Hakuna hata mmoja aliyesema labda, nionyeshe kwanza. Mwenye viazi alipoelezwa kisa chenyewe hasira zikamtoka, akamwombea yule mtoto dua ndefu, halafu akamwambia kaka, "Na wewe uache kutisha watu."

Siku moja kaka alipitisha mkono kijitunduni akamshika shati yule wa MBEUZI HADANGANYIKI, aliyekuwa ameleta bibi wake wa tatu au wa nne. "Hebu niambie ukweli. Unapata nini?"

Kijana hakuelewa swali. "Kwani mtoto ameshapata kiatu?"

"Bado."

"Sasa?" akasema kondakta, akarukia basi lake.

Kaka alibaki ameshika tama nyuma ya wavu. Mwalimu, aliyekuwa kwangu, alimwona akataka kusema kitu. Nikamkanyaga mguu chini ya meza.

Lakini shule zilifunguliwa, na bibi hakuja. Wanafunzi na sare zao walipita kituoni kila asubuhi, na kila mtoto wa kike aliyepita kaka alimtazama miguuni. Alikipaka kiatu dawa, akakipangusa vumbi, akakihamisha kutoka rafu ya chini hadi ya juu, akakishusha tena. Mabibi wakapungua. Nikaanza kuogopa kwamba ile "Wapi!" ya kaka itatimia, na jambo la ajabu ni kwamba yeye mwenyewe aliogopa zaidi yangu. Miaka yote ya dirisha lile alikuwa akitabiri mabaya na kupatia, na safari hii aliomba akosee.

Alikuja siku ya mvua, asubuhi, na hakuletwa na mtu. Kwanza niliona kile kitambaa. Nyuma yake alikuwa mtoto wa kike, sare ya shule haijachakaa hata kidogo, anachechemea huku ameshika sketi ya bibi yake. Nikaacha chai inachuruzika mezani. Nilitaka kupiga ukelele, lakini bibi alikuwa ameshafika dirishani, na nilichosikia sicho nilichokitarajia.

"Shikamoo... ah, samahani, hujambo, mwanangu," akasema. Amechanganyikiwa kwa woga hata akamwamkia shikamoo mtu ambaye yeye mwenyewe angeweza kumzaa. Akapitisha mkono kwenye kijitundu. Mkononi mlikuwa na miwani, ya bei rahisi, mguu mmoja umefungwa kwa waya. "Tumeikuta kwenye kiti ndani ya basi. Tunakwenda hospitali kumwona fundi. Nikaona niilete. Kuna mtu huko haoni."

Kaka aliipokea. Aliangalia miwani, akamwangalia bibi. Kiatu hakukitaja, bibi huyu! Hakukitaja kwa neno wala kwa jicho. Kwake yeye shauri la kiatu lilikwisha kuamuliwa na mwenye shati, na hii ilikuwa habari nyingine.

"Bibi," kaka akasema, "hunikumbuki?"

"Nakukumbuka."

"Nilikufukuza hapa. Nilikufanya mwizi. Sasa ukaniletea mimi kitu cha watu?"

Bibi akamtazama kwa mshangao. "Ningekipeleka wapi, mwanangu? Si wewe ndiye unayetunza vitu vya watu?"

Kaka aliiweka miwani mezani. Alisimama. Kile chumba kina mlango wa pembeni ambao kaka huutumia kuingilia na kutokea tu, mteja hajawahi kumwona nje ya wavu wakati wa kazi. Aliufungua, akatoka nje, kiatu mikononi. Hakuuliza kamba, hakuuliza rangi. Alipiga magoti kwenye sakafu yenye maji ya mvua na matope ya abiria, mbele ya yule mtoto, na sauti yake ya dirishani haikuwepo kabisa.

"Mama," akamwambia mtoto, "nisamehe. Hiki ni chako?"

Akangoja.

Mtoto alikitazama kiatu, akamtazama bibi yake, akamtazama kaka. "Ndiyo," akasema. Kisha akaongeza, "Lakini changu hakikuwa kinang'aa hivi."

Nililia pale pale, sifichi, na mwenye kutaka chai alingoja. Mtoto akakaa kwenye benchi langu, kaka akamfunga mikanda, wa zamani na mpya. Kilimbana kidogo kwenye vidole, mguu umekua, na bibi akasema fundi atakipanua siku hiyo hiyo. Mtoto akateremka, akasimama sawa, akatembea hadi chooni na kurudi, hadi chooni na kurudi. Makondakta waliokuwa karibu wakampigia makofi, na yule wa MBEUZI HADANGANYIKI akatoka mbio kuwatangazia wenzake kwamba bibi amepatikana, msilete wengine. Hospitali aliwapeleka yeye, siti ya mbele.

Nilimtilia bibi chai kabla hajaondoka. "Sukari?" nikamwuliza, kijiko nimekificha mgongoni. Akacheka. "Hapana," akasema, na akalisema vizuri.

Walipokwenda nilimpelekea kaka kikombe chake. Alikuwa amerudi nyuma ya wavu, anaifuta ile miwani kwa ncha ya shati, akaiweka mbele kabisa, pale ambapo mtu akiinama dirishani ndicho kitu cha kwanza atakachokiona. Mimi nikaona sasa ndiyo nafasi yangu, miaka yote nimeingoja.

"Wapi!" nikamwambia. "Nani atafunga safari kufuata miwani ya waya?"

Hakucheka. "Atakuja," kaka akasema. "Kuna mtu huko haoni."